Lisbon kwa macho ya fundi mwashi: anzeni na dhahabu ya Kilwa, ndipo mwende Belém

Mwashi wa Kusini

Wakuu, habari za jukwaa. Nimerudi wiki iliyopita kutoka Lisbon, Ureno, na nataka kuandika kabla kumbukumbu hazijapoa. Nitaleta kwa vipande maana ni ndefu. Mimi ni fundi mwashi, mzaliwa wa Kilwa Masoko, na mzee wangu alikuwa mchoma chokaa. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye mawe. Wa vyakula na maduka wataandika wengine.

Kila anayekwenda Lisbon huambiwa aanze kitongoji cha Belém, kwenye monasteri na mnara. Ushauri wangu kwa mtu wa pwani yetu ni tofauti. Anza na Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale, mtaa wa Janelas Verdes. Uliza iko wapi Monstransi ya Belém. Wakatoliki mnaijua monstransi, chombo cha kuwekea Ekaristi wakati wa kuabudu. Hii ni ya dhahabu na rangi za kioo kilichochomwa, urefu wake sentimita 73, na imefanyizwa kama jengo hasa: ina nguzo, matao, vidaka, na paa la minara myembamba. Katikati wamepiga magoti mitume 12. Sonara wake ni Gil Vicente.

Sasa inama usome ukingo wa kitako. Maandishi yanauzunguka, Kireno cha zamani, na maana yake ni kwamba Mfalme Manuel wa Kwanza aliamuru itengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya utii ya Kilwa, ikamalizika mwaka 1506. Jina limeandikwa QVILVA. Nililisoma mara tatu nikaona miguu imelegea, nikatafuta benchi.

Mnaikumbuka habari yenyewe. Mwaka 1502 Vasco da Gama, katika safari yake ya pili, aliingia bandari ya Kilwa na mizinga, akatishia kuuchoma mji mpaka mtawala wake, Amiri Ibrahim, akakubali kulipa. Dhahabu aliyoondoka nayo ilikuwa mithkali 1500, kipimo cha dhahabu cha enzi hizo. Chimbuko lake si Kilwa. Ilitoka bara, nyanda za Zimbabwe, ikapitia bandari ya Sofala, na Kilwa ndiyo iliyoshika biashara hiyo. Julai 1505 wakaja wengine na Francisco de Almeida, mji ukaporwa licha ya kwamba kodi ilikwisha lipwa. Yaani sonara anamalizia kung'arisha mitume wake, mji ulioitoa dhahabu umeshavunjwa milango.

Nilimpigia mzee simu pale pale nje ya makumbusho. Alinyamaza kidogo, halafu akauliza, "Na nyumba zao wamejengea nini?" Swali hilo ndilo nililozunguka nalo siku nne zilizobaki.

Naendelea baadaye.


Kaka Ruvuma

Mkuu nimekaa, lete vitu. Sikujua kabisa kama hiyo dhahabu bado ipo mahali fulani inaonekana kwa macho.


Binti Mvita

Salaam Mwashi. Mie wa Mombasa. Hao hao baada ya Kilwa walikuja kwetu, Agosti 1505, wakauchoma mji. Endelea kaka yangu, nasoma kwa makini. Na hilo la mawe la mzee wako lina jawabu hata huku kwetu, nitaleta ukimaliza Belém.


Mwashi wa Kusini

Shukrani wakuu. Kipande cha pili: Belém.

Tramu namba 15 inakupeleka kando ya mto Tejo. Ukishuka, Monasteri ya Jerónimos imekaa upande mmoja wa uwanja kama kuta za bandari nzima, ndefu, nyeupe iliyoiva kidogo kuelekea rangi ya asali. Ujenzi ulianza mwaka 1501 na ukachukua kama miaka 100. Fundi mkuu wa kwanza alikuwa Diogo de Boitaca, akapokewa na João de Castilho, kisha wakafuata wengine. Fedha zilitoka kwenye ushuru wa asilimia 5 uliotozwa bidhaa za Afrika na Mashariki, wenyewe wakiuita ushuru wa pilipili. Ndiyo maana nikasema anzeni Janelas Verdes. Ukiisha kuliona jina la Kilwa kwenye dhahabu, hizi kuta unazisoma vingine. Na monstransi yenyewe mfalme aliiachia monasteri hii katika wosia wake. Hapa ndipo ilipokuwa ikitumika.

Mtindo wanauita Manuelino, kwa jina la mfalme huyo. Mafundi walichonga bahari: kamba nene za merikebu zilizosokotwa kwa jiwe, fundo zake zote zikionekana, matumbawe, majani ya nchi za mbali, na lile tufe la vyuma la wanafalaki ambalo lilikuwa nembo ya mfalme. Mlango wa kusini ni kazi ya Castilho. Nilisimama mbele yake karibu saa nzima na shingo ikaniuma.

Lakini kilichonimaliza kiko ndani ya kanisa. Watu wa nyumba za mawe mnafahamu: chumba chetu hakizidi urefu wa boriti. Mkoko ukikupa hatua nne, chumba ni hatua nne, ndiyo maana vyumba vya Kilwa, Lamu na Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba. Waliotaka upana walisimamisha nguzo na matao na kuba, kama upande uliopanuliwa wa Msikiti Mkuu wa Kilwa. Sasa pale Jerónimos nguzo za nave, yaani ukumbi mrefu wa waumini, ni nyembamba kama minazi, zimechongwa toka chini hadi juu, na kule juu kila moja inafunguka mbavu za jiwe kama makuti yanavyofunguka kwenye kichwa cha mnazi. Dari za pande zote tatu ziko usawa mmoja. Kisha unaingia sehemu ya kukatiza, mbele ya madhabahu, na hapo nguzo hamna. Jiwe tupu juu ya kichwa chako, ukuta hadi ukuta. Hakuna nondo, hakuna zege. Ni mbavu zilizokamatana na uzito unaosukumwa kwenye kuta. Na tetemeko kubwa la mwaka 1755 lilipopita, dari hiyo ilibaki juu. Mimi nimeshapandisha matao madogo ya milango na najua usiku unavyolala ukiwaza kesho unatoa mbao za kushikilia. Huyo aliyetoa mbao za dari hii sijui alilalaje.

Kaburi la Vasco da Gama liko karibu na mlango. Alifia Cochin, India, mwaka 1524, mifupa ikaja baadaye. Sikukaa hapo. Kwenye madhabahu kuu jeneza la jiwe la Manuel limebebwa na tembo wa marumaru.

Mnara wa Belém uko mwendo wa miguu, ukingoni mwa mto. Ulijengwa kati ya 1514 na 1519, na fundi wake Francisco de Arruda alikuwa ametoka kujenga ngome Moroko. Inaonekana wazi: vibanda vya walinzi kwenye pembe vina kuba zenye mbavu ambazo ukizitazama unadhani uko Maghreb. Chini ya kibanda kimoja tafuta kichwa cha kifaru, kimeliwa na upepo wa bahari lakini kipo. Ni kumbukumbu ya kifaru aliyeletwa kutoka Gujarat mwaka 1515, watu wa Lisbon wakamshangaa.


Mzalendo wa Kweli

Mkuu heshima yako, ila hapa tutatofautiana. Watu walitutishia mizinga, wakapora, leo unatuambia dari nzuri, nguzo kama minazi. Tunasifia nini hasa? Mimi ningefika pale kwa jambo moja tu, kudai.


Mwashi wa Kusini

Mkuu, kudai dai, mimi sikuzuii, na nikiulizwa kuhusu ile monstransi nina maoni yangu. Lakini huyu aliyechonga kamba ya jiwe pale mlangoni hakuja Kilwa. Alilipwa kwa siku, mikono ikachubuka, akafa, hakuna anayejua jina lake. Sisi pia hatumjui aliyejenga Husuni Kubwa, lile kasri letu la Kilwa. Tunalijua jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliyeamuru ijengwe, basi. Mimi nikiona kazi ya fundi siwezi kujifanya sijaiona. Na nikisoma QVILVA siwezi kujifanya sijaisoma. Nimekwenda na yote mawili na nimerudi nayo.

Nikuongezee moja. Hao mafundi wenyewe elimu yao haikuanzia kwao. Lisbon ilikuwa mji wa Waislamu mpaka 1147. Kitongoji cha Alfama, chini ya ngome ya São Jorge, jina lake ni la Kiarabu, al-hamma, chemchemi za maji moto. Vichochoro vyake vimejipinda, nyumba zinakaribia kugusana juu ya kichwa, ngazi zinakufikisha kwenye uwanja ambao hukuutarajia. Mtu wa Mji Mkongwe hawezi kupotea pale, au tuseme atapotea kwa namna aliyoizoea. Hata vigae vyao maarufu, azulejo, neno lenyewe ni la Kiarabu, al-zulayj, jiwe dogo lililosuguliwa.


Mzalendo wa Kweli

Hapo kwenye fundi asiyejulikana nimekuelewa. Bado nadai.


Binti Mvita

Sasa niseme langu. Mwashi ameuliza nyumba zao zimejengewa nini. Nendeni Malindi, pale kwenye nguzo ya Vasco da Gama juu ya mwamba. Nguzo yenyewe ni ya matumbawe, ya kwetu, ilijengwa kushikilia. Ule msalaba wa juu ndio wa zamani, na jiwe lake lilitoka Lisbon ndani ya merikebu. Nimepeleka wanafunzi pale miaka na miaka, na huwaambia watazame tofauti ya rangi: huku jiwe lao, huku jiwe letu, limelishika.

Na Ngome ya Yesu kwetu, iliyoanza kujengwa 1593, mchoro ulikuwa wa Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati, lakini kuta ni matumbawe ya Mombasa na chokaa ya Mombasa. Wareno wakaondolewa na Waomani mwaka 1698 wakatuachia maneno: meza, bendera, leso, mvinyo, foronya. Na gereza, ambalo kwao ni igreja, kanisa. Kila nikilitamka neno hilo huona safari liliyokwenda.


Mwashi wa Kusini

Dada yangu Binti Mvita, umenisaidia sana, kwa sababu jiwe hilo la msalaba wa Malindi ndilo jibu la mzee. Linaitwa lioz. Ni jiwe la chokaa linalochimbwa maeneo ya kuzunguka Lisbon. Jerónimos ni lioz, mnara wa Belém ni lioz, ngazi na vizingiti vya nusu ya mji ni lioz.

Siku ya tatu mvua ilinyesha, nikajikinga kwenye ngazi za jengo moja katikati ya mji. Jiwe likilowa hufunguka rangi, hilo kila mwashi anajua. Nikaona kwenye kipandio kitu kama duara, kingine kimekatwa mshazari kama pembe. Nikachuchumaa. Ni makome. Ngazi nzima imejaa makome. Ni jamaa wa chaza ambao walikwisha toweka tangu enzi za dinosaria. Walirundikana chini ya bahari ya joto, wakawa mwamba. Kumbe Lisbon nayo imejengwa kwa viumbe wa baharini waliokufa, sawasawa na Kilwa, ila wao wamewakuta wameshakuwa jiwe gumu kama marumaru, sisi tunawachonga bado laini. Tumbawe likitoka majini unalikata kwa shoka. Lioz inadai patasi, nyundo na miezi.


Nyota ya Bukoba

Naomba kuuliza. Umetaja tetemeko la 1755. Nilisikia mji wote ulianguka. Sasa hicho unachokisimulia kilibakije? Na walijenga upya vipi? Mimi nasoma uhandisi mwaka wa pili.


Mwashi wa Kusini

Swali zuri, na ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote, hata kuliko Belém.

Tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, asubuhi, watu wako makanisani, mishumaa inawaka. Ardhi ikatikisika. Waliokimbilia ukingo wa mto wakafuatwa na tsunami. Mishumaa na majiko yakaanzisha moto uliowaka siku kadhaa. Belém iko nje kidogo upande wa magharibi, ilipona kwa kiasi kikubwa. Katikati ya mji kulikwisha. Ukitaka kuona hali ilivyokuwa panda kwenye kanisa la Carmo, lililoanzishwa 1389. Hawakulirudishia paa. Matao yamesimama kama mbavu za nyangumi ufukweni, juu ni mbingu, chini majani yanaota.

Kazi ya kujenga upya ilisimamiwa na waziri wa mfalme, ambaye baadaye alikuja kuitwa Marquês de Pombal, pamoja na wahandisi wa jeshi: Manuel da Maia, aliyekuwa mzee tayari, Eugénio dos Santos na Carlos Mardel. Walitandika mitaa iliyonyooka kwa kamba kutoka uwanja wa Rossio hadi uwanja mkubwa wa mtoni, Praça do Comércio. Nyumba zote urefu mmoja, madirisha kipimo kimoja, sehemu nyingi zikachongwa kwingine na kuletwa kufungwa tu. Mtu anayependa nakshi ataona mitaa ya Baixa imekaa kimya mno. Uzuri wake uko ndani ya ukuta.

Ndani ya ukuta kuna kitu wanaita gaiola, yaani tundu, kama la ndege. Ni fremu ya mbao: nguzo za wima, za kulala, na kila pango kati yake limefungwa mbao mbili zilizopishana kama herufi X. Kisha wanajaza mawe na chokaa, wanapiga lipu, huoni kitu. Ardhi ikitikisika, jiwe linaweza kumeguka lakini mbao zinapinda na kurudi, sakafu hazidondoki. Inasimuliwa kwamba walisimamisha mfano uwanjani, askari wakaamriwa kupiga kwata kuuzunguka ili waone kama utahimili. Kati ya nyumba na nyumba wakapandisha ukuta hadi juu ya paa kuzuia moto usiruke.

Na chini je? Eneo hilo ni tope la mto. Walikita magogo ya misonobari, wakajenga juu yake. Mbao ikikaa ndani ya maji daima haiozi. Ikikauka na kulowa, kukauka na kulowa, ndipo inapokufa. Mtaa wa Correeiros kuna jengo la benki lenye eneo la akiolojia chini yake, unashushwa na mtu wa kuelezea, bure, unayaona magogo hayo pamoja na matangi ya Warumi ya kuchachulia samaki. Mdogo wangu, ukienda Lisbon ukakosa kila kitu, hapo usikose. Sisi tunaojenga kwenye bonde la Ufa tunamimina mkanda wa zege juu ya tofali na kuona tumemaliza.


Nyota ya Bukoba

Asante sana kaka. Bukoba tulitikiswa Septemba 2016, ukuta wa jikoni kwetu ulilala wote. Naichora hii gaiola leo leo.


Kaka Ruvuma

Mkuu, tupe na ya safari: siku ngapi zinatosha, na nini cha kukwepa?


Mwashi wa Kusini

Nilikaa siku tano. Jumatatu makumbusho na Jerónimos hufungwa, kwa hiyo Jumatatu itembelee Alfama na Baixa kwa miguu. Jerónimos fika kabla hawajafungua, foleni ni ndefu. Viatu viwe na soli ya kushika: njia zote zimetandikwa vijiwe vyeupe na vyeusi, mvua ikinyesha ni kama sabuni. Pale Rossio vijiwe hivyo vimepangwa mawimbi, toka katikati ya karne ya 19, na ukivitazama kwa mbali unahisi uwanja unasogea. Tramu namba 28 inapita mahali pazuri lakini inajaa na ina wachomoaji, shika mfuko. Lifti ya chuma ya Santa Justa, ya mwaka 1902, mita 45, itazame ukiwa chini, inatosha, nakshi zake zote zinaonekana.

Mfereji wa maji wa Águas Livres watu hawauendi na wanakosea. Ukivuka bonde la Alcântara una matao 35, na refu kuliko yote linapanda mita 65. Maji yalikuwa yameshaanza kupita 1748, tetemeko likaja miaka saba baadaye, matao hayakuanguka.

Na makumbusho ya vigae, kwenye konventi (nyumba ya watawa) ya Madre de Deus: kuna picha ya mji mzima wa Lisbon kwa vigae vya buluu, yapata mita 23 kwa urefu, ilichorwa yapata 1700. Katikati ya mji unaouona pale, kando ya mto, kulikwisha mwaka 1755. Nilitembea nao kutoka mwanzo hadi mwisho, polepole, kama mtu anayesoma majina ya watu.


Binti Mvita

Mwashi, mzee umemwambia kuhusu hilo jiwe?


Mwashi wa Kusini

Mrejesho, wakuu. Samahani kwa kukawia, nilikuwa nyumbani Kilwa.

Siku ya mwisho Lisbon nilikuta mafundi wanatengeneza njia karibu na nilipolala, wamepiga magoti, wanapasua vijiwe mkononi kwa nyundo ndogo. Nikawaonyesha viganja vyangu, wakaelewa. Mmoja akaokota kibonge cheupe, ukubwa wa kiberiti cha jikoni, akanipa. Sio lioz hasa, lakini ni chokaa ya huko huko.

Nilimpa mzee barazani. Akakigeuza, akakinusa, akakigonga na ufunguo kusikia mlio. Kisha akamtuma mjukuu ndani alete ndimu na kipande cha tumbawe kutoka kwenye ule ukuta ulioanguka nyuma. Akaviweka sambamba kwenye ngazi, akakamulia ndimu vyote viwili, akainama kusikiliza. Vyote vikatoa povu. La kwetu haraka, la kwao polepole. Akaniambia la kwao lingetaka tanuri la siku mbili zaidi, akakitia mfukoni.